Wageni wa Kiyahudi watafanya Pasaka yao katika nyumba ya Shela: tuondoe nini, na tufunge nini?

Msimamizi wa Shela aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wasomaji wote. Ninasimamia nyumba ya kupangisha hapa Shela, Lamu, na nimeletewa ombi ambalo halijapata kunifikia. Familia moja ya Kiyahudi imeikodi nyumba kuanzia Jumapili tarehe 29 Machi 2026, na itakuwa humu wakati wa Pasaka yao, ambayo mwaka huu inaingia Jumatano tarehe 1 Aprili jua likitua na kumalizika usiku wa Alhamisi tarehe 9. Wamenieleza kwa barua ndefu na ya heshima kwamba katika siku hizo nane hawali chochote kilichochachuka, na zaidi ya kutokula, hawaruhusiwi kukimiliki wala kukiacha kionekane mahali wanapokaa. Kwa hiyo wanaomba vyakula vya namna hiyo viondolewe jikoni au vifungiwe kabla hawajafika, na kazi itakayobaki wataimaliza wenyewe.

Shida ni kwamba hapa nyumbani hatukubaliani kilichochachuka ni kitu gani. Mpishi wetu, ambaye amepika katika nyumba za wageni tangu ujana wake, anashikilia kwamba kinachokatazwa ni hamira, basi tukishaondoa hamira na mikate ya dukani, unga utabaki na yeye ataendelea kuwapikia chapati, kwa kuwa chapati haitiwi hamira. Kijana anayemsaidia amesikia kwamba hata mchele ni marufuku, na mpishi amemcheka, akauliza mgeni wa Lamu aliyekatazwa wali atalishwa nini. Mimi sina la kuamua. Stoo iliyo chini ya ngazi ina nusu gunia la unga wa ngano, tambi zilizobaki tangu Idi, biskuti, na chupa za sosi ambazo sijui ndani mna nini.

La pili ni nyumba yenyewe. Ni ya mawe, ya kale, ukuta wa ndani umejaa zidaka kutoka chini hadi juu, sakafu zimetandikwa mikeka, na jiko liko darini chini ya makuti. Je, kila kidaka kisuguliwe? Sufuria zinunuliwe mpya?

La tatu ndilo linalonitatiza zaidi. Wanauliza kama nitakubali kununua kwao vyakula walivyokuja navyo ambavyo hawatakuwa wamevimaliza, kwa bei ndogo na kwa karatasi ya kutiwa saini, na wameongeza kwamba baada ya sikukuu huenda wakapenda kuvinunua tena. Mimi ni Muislamu, na mauzo ya namna hii siyajui. Ni mauzo ya kweli, au ni mchezo wa maneno tu?

Mpishi wa Malindi alijibu:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nimepata kuwapikia wageni wa Kiyahudi hapa Malindi wakati wa sikukuu hiyo, chini ya macho ya mama mmoja wao ambaye hakuondoka jikoni hata mara moja, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona na niliyofafanuliwa.

Mwambie mpishi wako kwa upole, maana hakuna mama wa jikoni anayependa kusahihishwa na mtandao, kwamba chapati ndiyo ya kwanza kuondoka. Kinachotazamwa ni nafaka na maji, kabla ya kufika kwenye hamira. Nafaka zenyewe ni tano: ngano, spelti ambayo ni jamaa ya ngano, shayiri, rai na oti. Unga wa mojawapo ukikutana na maji kisha ukaachwa kwa dakika 18 bila kuokwa, wao huuhesabu kuwa umekwisha kuanza kuchachuka wenyewe, awepo au asiwepo aliyeutia kitu. Mkate wao wa siku hizo, matsa, hutengenezwa kwa ngano hiyohiyo na maji, ila tangu maji yaguse unga hadi mkate uive hazipiti dakika hizo 18. Chapati yetu, ambayo madonge yake hufunikwa kitambaa yakaachwa hadi yalainike, imevuka mpaka zamani. Vivyo hivyo mahamri, kaimati, sambusa, mkate wa mayai, tambi, biskuti, Weetabix, bia na uji wa oti ambao watalii huupenda. Unga mkavu nao uutoe, kwa sababu viwandani ngano hutiwa maji kidogo kabla ya kusagwa. Katika zile chupa, tazama sosi ya soya, ambayo mara nyingi ina ngano, na siki ya kimea, ambayo asili yake ni shayiri. Hamira yenyewe itoke pia. Mama yule hakutaka hata kuiona. Halua usiihukumu kabla ya kumuuliza aliyeipika kwamba wanga wake ni wa kitu gani.

Kuhusu mchele, kijana wako ana haki yake. Wayahudi ambao asili yao ni Ulaya ya Kati na Mashariki, wanaoitwa Ashkenazi, wana desturi ya karne nyingi ya kujizuilia mchele, mahindi, mtama, maharagwe, mbaazi, pojo, dengu, ufuta na haradali katika siku hizo. Vitu hivyo havikatazwi na sheria ya asili. Wazee wao walichelea kwamba vinahifadhiwa na kusagwa pamoja na ngano, na kwamba mtu akizoea kuvipika atachanganya mambo. Sefardi, yaani wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, wengi wao hula wali bila wasiwasi, baada ya kuupembua mchele, na wapo wanaoupembua mara tatu mfululizo wakitafuta punje ya ngano. Hata miongoni mwa Ashkenazi mambo yamebadilika kiasi, kwani mwaka 2015 wanazuoni wa madhehebu ya Conservative huko Marekani waliviruhusu. Basi kabla hujagusa stoo, waandikie swali moja tu: je, katika Pasaka mnakula wali? Jibu lao ndilo litakalokupangia jiko zima, pamoja na vitumbua, mkate wa kumimina na ugali.

Wakisema hawali, asihangaike mpishi. Muhogo, viazi vitamu, magimbi, mbatata na ndizi za kupika havimo kabisa katika hesabu hii kwa kuwa si nafaka wala si jamii ya kunde. Muhogo wa nazi na changu wa kupaka uliwatosha wageni wangu kiasi kwamba mchele haukutajwa tena.

Sasa vyombo. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba chombo husafika kwa njia ileile kilivyopokea chakula. Sufuria iliyopikia kwa maji husafishwa kwa maji ya moto. Chuma cha chapati, kilichozoea moto mkavu, hakitoshelezwi na maji mpaka kichomwe kiwe chekundu, na kwa kazi hiyo ni afadhali ukifungie tu. Sufuria za alumini na za chuma kisichoshika kutu husuguliwa sana hasa penye vishikio, hukaa saa 24 bila kutumika, kisha huzamishwa zima zima katika maji yanayotokota na kusuuzwa kwa maji baridi. Mama yule alichukua sufuria kubwa ya pilau ya shughuli, akaijaza maji, akawa anazamisha vyombo kimoja kimoja kwa koleo, na baada ya kila kimoja alisimama akingoja mapovu yarudi juu kabla ya kutia kingine, hata pale nilipodhani maji bado yanachemka. Vyungu vya udongo na sahani za kauri havirekebishiki kwa njia hii, na chekeche la unga, kibao na mti wa kusukumia chapati vyote huwekwa mbali, maana unga hujificha katika nyuzi na nyufa. Mbuzi ya nazi, ikiwa haijakaribiana na unga, huoshwa tu. Bilauri waulize wenyewe, kwa sababu Sefardi huona kioo hakinyonyi kitu na Ashkenazi wengi ni wakali zaidi. Jokofu huoshwa na rafu zake kutandikwa. Meza ya kukatia mboga hufunikwa. Usinunue sufuria mpya kabla hawajakwambia, kwa kuwa wengine husafiri na za kwao.

Mkaazi wa Langoni alijibu:

Mpishi ameshaeleza jiko, nami nitagusa lile la tatu, kwa sababu nimesoma fiqhi kiasi na suala la mauzo haya limenivutia.

Si mchezo wa maneno, bwana msimamizi, au angalau sheria yao haitaki liwe mchezo. Katika Tosefta, ambayo ni mkusanyo wao wa kale wa sheria, limo suala ambalo mtu wa Lamu atalielewa bila kufafanuliwa: Myahudi na asiye Myahudi wako safarini katika chombo kimoja, Myahudi ana chakula kilichochachuka na Pasaka inaingia. Afanye nini, naye yuko baharini? Jibu ni kwamba amuuzie mwenzake au ampe, na sikukuu ikiisha anaweza kununua tena kwake, mradi kutoa kule kuwe ni kutoa kamili. Vitabu vyao vya baadaye vimekaza uzi huo, kwamba mtu akitoa kwa sharti la kurudishiwa, kutoa kwake hakumsaidii kitu. Hapo ndipo sheria yao na yetu zinapokutana, kwani mafakihi wetu wengi nao huukataa uuzaji uliofungwa kwa sharti la kurudisha mali. Kwa hiyo soma karatasi watakayokuletea. Ikisema umenunua unga, biskuti na kadhalika kwa bei fulani, umepewa funguo za mahali vilipo, na wewe ni mwenye mali, hayo ni mauzo kama mauzo mengine, na kesho yake ukipenda kuzila biskuti hizo na watoto wako hakuna mwenye kukuzuia. Tarajio lao kwamba utawauzia tena ni tarajio tu. Ikiwa karatasi inakulazimisha kurudisha, waambie waibadilishe, na naamini rabi wao, yaani mwanazuoni wao wa dini, atakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Hata hivyo muulize sheikh wako kabla ya kutia saini, na uiangalie orodha ya vitu kwa makini. Wageni husafiri na chupa. Pombe ya nafaka imo katika wanayotakiwa kuyaondoa, na wewe huwezi kununua ulevi, uwe kwa shilingi moja au kwa elfu, wala kushika funguo za kabati lake kama mmiliki.

Msimamizi wa Shela aliandika tena:

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimewaandikia wageni, nao wamejibu kwamba ni Ashkenazi na hawali wali. Mpishi amekubali muhogo, ingawa suala la chapati bado anasema ni jambo la ajabu. Kuhusu chupa, Mkaazi wa Langoni amekisia sawasawa: walikusudia kuja na wiski.

Yamebaki mambo mawili. Mkataba wetu wa upangaji una kifungu kinachosema mpangaji atawajibika kwa kila kilichomo ndani ya nyumba, na stoo imetajwa humo. Je, jambo hili lina uzito wowote kwao? Halafu kuna punda wangu wawili wanaofungwa uani nyuma ya nyumba, ambao hulishwa pumba za ngano zilizoloweshwa. Sidhani kama pumba za punda zinaweza kuitwa chakula cha mgeni, lakini nauliza.

Msomaji wa Nairobi alijibu:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Myahudi, na ninaishi Nairobi, ambako jumuiya yetu ipo tangu mwaka 1904. Nimefurahi kuona swali hili limejibiwa kwa uangalifu na watu ambao halikuwalazimu. Nitaongeza pale penye kuhitaji.

Kifungu cha mkataba kina uzito mkubwa, na wewe umeuliza swali ambalo wapangaji wengi wa Kiyahudi husahau kuuliza. Taurati, katika Kutoka 12 na 13, inatukataza chachu, yaani chochote kilichochachuka, isionekane kwetu wala isipatikane majumbani mwetu, na wanazuoni wa Talmudi, kitabu chetu kikuu cha mafafanuzi ya sheria, wamefafanua kwamba mali ya asiye Myahudi haituhusu, isipokuwa pale tulipokubali dhamana juu yake. Unga wako ukiibiwa nao wakatakiwa kuulipa, unga huo unakuwa kama wao. Andika basi nyongeza fupi ya mkataba inayosema kwamba stoo haimo katika upangaji, kwamba vilivyomo ni vyako na hasara yake ni yako, kisha ifunge na funguo ukae nazo. Ukifanya hivyo, nusu gunia lako linaweza kubaki palepale lilipo, na hutahitaji kulibebesha mtu hadi kwa jirani.

Zidaka zisikutishe. Mishna, mkusanyo mwingine wa kale wa sheria zetu, inaeleza kwamba mahali ambapo kilichochachuka hakiingizwi hapahitaji kupekuliwa, na Talmudi inaongeza kwamba katika matundu ya ukutani upekuzi hufika pale mkono unapofika. Kidaka cha juu chenye sahani za kale za mapambo kiache. Kidaka cha chini karibu na kitanda, ambapo watoto wa wageni waliotangulia waliweka biskuti, kipangusie hadi kwenye pembe. Mikeka ikunguteni nje, hasa pindoni ambako ukili umeshonewa, kwa kuwa makombo huingia katika mshono huo na kufagia hakuyatoi. Lakini vumbi si chachu, na makombo yanayokanyagwa sakafuni hayana hesabu, kwa hiyo kupaka chokaa upya na kuosha boriti, ambako baadhi yetu hujichosha nako, ni usafi tu wa kawaida. Mimi nina jamaa ambao hufika usiku wa sikukuu wamechoka hata hawawezi kuketi mezani, na sioni kama Taurati iliwataka hivyo.

Upekuzi wenyewe wataufanya usiku wa Jumanne tarehe 31 Machi baada ya giza kuingia, kwa mshumaa, kwa unyoya wa kufagilia na kijiko cha mti cha kukusanyia. Usishangae kuona kwanza wanaficha vipande kumi vya mkate vilivyofungwa kwa karatasi, kisha wanavitafuta. Ni desturi ya wengi ili upekuzi usiwe wa bure. Waombe kwa moyo safi watumie tochi darini, ambalo ni jambo ambalo marabi wengi wanaliruhusu, kwa kuwa mshumaa chini ya makuti wakati wa kaskazi ni hatari isiyo na sababu. Waambie pia kuhusu paka. Mishna haitutaki tuwe na hofu kwamba mnyama huenda ameburura kipande kutoka nyumba moja hadi nyingine, maana hofu hiyo haina mwisho, ila vipande kumi vilivyohesabiwa vikipatikana tisa, hapo wana kazi mpya ya kutafuta, na paka wa Shela hawajui karatasi ni ya nini. Upekuzi ukiisha hutamka maneno ya kukana, kwamba chochote ambacho hawakukiona hakina mwenyewe na ni kama mavumbi ya ardhi.

Kesho yake saa zinakuja kama mnavyozihesabu nyinyi. Mchana hugawanywa mafungu kumi na mawili tangu kuchomoza jua, kula chachu hukoma fungu la nne likiisha, na kuichoma huwa kumekamilika kabla fungu la tano halijaisha. Huko Lamu, karibu na ikweta, mchana una takriban saa kumi na mbili, kwa hiyo mkizungumza kwa saa za Kiswahili, saa nne na saa tano asubuhi ya Jumatano zitakuwa salama kwa wote. Waandalie seredani yenye makaa uani, mbali na makuti. Kinachochomwa ni kidogo, kinajaa kijiko na karatasi. Sufuria nazo ziwe zimekwisha kuchemshiwa kabla ya muda huo.

Wiski ya shayiri ni chachu kamili, na mengi yanaweza kusemwa juu ya namna ya kuiuza kwa mtu mwingine kupitia rabi, lakini kwa safari ya Lamu waambie tu wasije nayo. Divai ya zabibu iliyotengenezwa kwa Pasaka wanaihitaji na watakuja nayo, pamoja na matsa. Hizo hazimo katika mauzo, kwa hiyo hazikuhusu.

Pumba zilizoloweshwa ni chachu kwa kila hali, na sisi hatukatazwi kula tu, tunakatazwa kunufaika nayo kwa namna yoyote, hata kwa kulisha mnyama. Ila punda ni wako, pumba ni zako, na ua wa nyuma, nadhani, haumo katika upangaji. Hilo nalo liandike katika ile nyongeza. Endelea kuwalisha kama kawaida upande wako. Angalizo ni kwa watoto wa wageni, ambao bila shaka watataka kuwalisha wale punda kwa mikono yao: wape majani au maganda ya ndizi.

Kuhusu kumalizika, usifungue mlango wa stoo Alhamisi tarehe 9 jua linapotua, kwa kuwa sikukuu huendelea hadi nyota zionekane. Waachie hata baada ya hapo muda wa kuvitenga vyombo vya Pasaka na kuvifunga. Kisha watakujia, wewe ukiwa mwenye mali, na kukuuliza kama uko tayari kuwauzia zile biskuti. Una hiari ya kukubali, ya kutaja bei yako, au ya kusema kwamba watoto wako wamekwisha kuzila.